Mtandao Uliokataa Kwamba Nimefika Kasindi

Asubuhi moja nilitoka Butembo bila mpango wowote, kama nilivyotoka shuleni. Dereva aliniuliza, "Unaenda wapi, kaka?"

"Kule gari inaenda."

Ilikuwa inaenda Kasindi, mpakani na Uganda, kwa hiyo nikawa msafiri wa Kasindi.

Kando yangu alikaa fundi wa programu za simu. Nilimchimba kwa maswali hadi Beni, aliposhuka kwa furaha isiyofichika. Alinifunza kwamba mitandao ya simu siku hizi imefungua kadirisha. Programu ya nje haiingii ndani kuchezea mitambo. Inajitambulisha hapo dirishani, inauliza: je, simu hii iko mahali fulani? Mwenye simu akikubali, mtandao unajibu ndiyo au hapana, basi. Hausemi ulilala wapi wala na nani.

"Mutu anaweza danganya," alisema, "mais réseau, huo mtandao, hapana."

Kasindi nilikuta nyumba ya wageni yenye chumba kimoja tu kilichobaki, na jua lilikuwa linateremka. Mwenye nyumba, anayeishi Butembo, alikuwa amechoshwa na wafanyabiashara wanaoshika chumba kwa kusema "nimeshafika" huku wako Beni wanakula kuku. Akaweka programu: ufunguo hautoki mpaka mtandao ushuhudie kwamba mgeni yupo. Mama mtunza nyumba aliingiza namba yangu. Ujumbe ukaja kuomba ruhusa, nikakubali. Jibu: hapana.

"Réseau inasema hauko hapa," mama alisema.

"Mama, basi uko naongea na nani?"

"Miye naona weye. Mais patron haone macho yangu, anaona application."

"Na nikilala inje?"

"Basoda, baaskari ya barrière ya njia, batakuuliza unalala wapi. Utabajibu nini, mutoto yangu? Eti réseau?" Akacheka mpaka akashika kiuno.

Simu yake ikalia. Wakala wa forodha alikuwa njiani, anakitaka chumba hichohicho. "Kuja mbio," alimwambia. "Iko mumoja hapa, mais hayuko."

Nilitazama simu yangu. Ilikuwa imedaka mnara wa Uganda. Mtandao usiodanganya ulikuwa umenivusha mpaka bila pasipoti wala forodha, huduma ambayo wengine huhonga kuipata.

"Mama, wageni wakipigia watu wa Butembo, wanasimama wapi?"

"Nyuma ya choo. Kule ndio Congo iko."

Kweli, nyuma ya choo, ambako ukuta ulizuia mawimbi ya mnara wa Uganda, wazee watatu wenye makoti walisimama kwa heshima zote, simu sikioni, kitambaa puani. Nikajipenyeza kati yao, nikazima simu, nikaiwasha, ikadaka mnara wa Congo. Nikasikia pikipiki ikisimama mbele ya lango.

"Mama, jaribu tena!" nilipiga kelele.

Ujumbe wa ruhusa ukaja tena, nikakubali. Halafu mama akatokea pembeni ya choo na ufunguo mkononi, nyuma yake wakala akilalamika kwa Kifaransa kizuri sana.

"Sasa umefika," mama aliniambia. "Karibu Kasindi."