Salamu Kabla ya Sindano

Jumatatu, kwenye kliniki ya Hockley, huku Uingereza, nilimpakata mwanangu nikimtazama mwanafunzi wa uuguzi kutoka Kenya akifanya mtihani wa kudunga sindano. Bibi mmoja wa Kihindi, aliyetoka Uganda, alikuwa amekataa kudungwa. Asipomdunga, mwanafunzi amefeli.

Akairudisha sindano kwenye trei. “Shikamoo, Mama.”

“Marahaba! Kila mtu naleta sindano, salamu hapana!”

Wakaulizana habari za watoto, za usingizi, hata za baridi. Kisha bibi mwenyewe akapandisha mkono wa sweta, akadungwa.

“Mlizungumza nini muda wote huo?” akauliza mkufunzi Mwingereza aliyekuwa akisimamia mtihani.

“Tulisalimiana tu, Sista. Hiyo ndiyo salamu fupi.”

Mkufunzi akacheka. “Umefaulu. Wafundishe na wenzako. Hiyo fupi.”

Sisi wa kwenye foleni tulichelewa kidogo, na sioni cha kulalamikia.