Lenzi ya Hamsini Kwenye Chumba cha Bibi Harusi

Mpaka sasa imegharimu laki mbili na themanini za lenzi, nauli ya watu wawili kwenda na kurudi Kariakoo, soda mbili nilizonunua ili muuzaji aone hatuna haraka, na huenda kazi ya kwanza ya Salma, binti wa kaka yangu. Hizo tatu za mwanzo nimezihesabu mara mbili na zinakubaliana. Hiyo ya nne bado iko hewani, na ndiyo inayonifanya niwaandikie nyie vijana wa kundi hili la wapiga picha, mie niliyestaafu na kudhani nimemaliza kushtuka.

Niliingia kazini kwenye studio moja ya Temeke nikiwa na viatu vya kuazima. Mwenye Studio hakuniuliza nimesoma wapi. Alinipa kamera isiyo na filamu, akamketisha karani wake kwenye stuli, akaniambia nimweke kwenye picha kuanzia nywele hadi magoti. Nikaishika lenzi nikitafuta pa kuzungusha.

"Unatafuta nini?"

"Pa kumvutia, mzee."

"Hiyo haivuti. Inayovuta ni miguu yako. Rudi nyuma."

Nikarudi nyuma hadi nikaangusha ndoo ya maji. Akasema nimeajiriwa, nianze na kupiga deki.

Kwa wanaoanza leo: lenzi ziko za kuvuta, zinazomleta mtu karibu au kumpeleka mbali bila wewe kusogea, na zisizovuta. Isiyovuta ina namba moja tu ya milimita. Namba ikiwa ndogo inameza chumba kizima, ikiwa kubwa inamchomoa mtu mmoja kwenye umati. Uzuri wake ni tundu pana la kupitisha mwanga, kwa hiyo chumba chenye giza hakikusumbui, na bei yake ni ya kibinadamu. Kwenye kamera za filamu, hamsini ilikuwa lenzi ya kuanzia kazi, ya kufanyia kazi na ya kustaafia.

Kutoka Temeke nilihamia studio ya Kinondoni, chini ya Meneja aliyevaa tai hata ndani ya chumba cha giza, kile cha kusafishia filamu. Huko ndiko nilikopewa harusi za ndani, kwa kuwa mie ni mwanamke. Siku bibi harusi anapopambwa, wanawake wako vichwa wazi, wanacheza, wanamtunza. Mwanamume haingii, na baadaye haoni hata picha. Meneja alidhani mie nitapiga na yeye atasafisha. Kungwi, mwanamke anayemfunda bibi harusi, alikuja na mkeka wake akautandika kwenye mlango wa chumba cha giza.

"Mama, hapa ni ofisini," Meneja akamwambia.

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nimekaa, sijalala."

Nikajifunza kusafisha filamu alasiri ile ile, Meneja akinisomea maelekezo kutoka nje ya pazia, dawa gani kwanza na dakika ngapi. Tukahesabu picha, tukahesabu negativu, kisha kungwi akahesabu upya kwa sababu hakutuamini. Kuanzia hapo hadi nilipostaafu na kuhamia Pugu, nilikuwaga mpiga picha wa ndani. Nimepiga mabibi harusi, kisha binti zao, wote kwa hamsini.

Ndiyo maana Salma alipokuja na kamera yake ya dijitali, ya kuanzia, iliyonunuliwa mtumba ikiwa mwili mtupu bila lenzi, sikuona cha kufikiri. Amepata harusi ya ndani Manzese, Jumamosi hii, na pesa ya utangulizi ameshapokea. Nikamwambia tutaenda Kariakoo kuchukua hamsini. Nikamwambia pia aiache kamera nyumbani. Muuzaji akiona kamera yako haina lenzi amekuona una njaa, na bei inapanda palepale. Na dukani asifungue mdomo.

"Shikamoo, mama," muuzaji akasema. Kijana mdogo, ana ndevu chache anazozitunza sana.

"Marahaba. Hii hamsini inauzwa au ni pambo?"

"Laki tatu na nusu. Kamera yenu ni ya aina gani?"

Nikamtajia aina.

"Ya kuanzia au zile kubwa? Kama ya kuanzia, mie ningekupa thelathini na tano."

"Hiyo bei gani?"

"Laki nne."

Nikamtupia Salma jicho la kumwambia umeona sasa. "Mwanangu, mie nimeshika hamsini kabla mama yako hajakushika wewe. Laki mbili."

"Mama, hapo unaninyonga."

"Sijakugusa."

Tukanywa soda zetu taratibu. Mwisho akashuka laki mbili na themanini. "Ila kwa bei hiyo, mama, hakuna kurudisha."

"Nani atarudisha?" nikasema.

Nilirudi Pugu nikiwa nimejinyoosha kama niliyepandishwa cheo.

Jana tulikwenda Manzese kuangalia chumba. Bibi harusi alikaa mkekani, na bibi yake mzaa mama akaketi pembeni yake, mama mzee aliyetoka Lindi. Salma akaegemeza mgongo kwenye kabati, akapiga, akatazama kioo cha nyuma ya kamera. Akanipa. Palikuwa na jicho moja, pua, na hereni.

Nikadhani amesogea mno kwa woga. Nikachukua kamera, nikarudi nyuma, nikagonga kabati. Nikarudi tena, kana kwamba kabati lingenipisha. Bibi harusi alijaa kwenye kioo kuanzia kidevu hadi paji la uso, na bibi yake hakuwepo kabisa, naye nilikuwa namsikia akikohoa. Nikachomoa lenzi nikasoma namba: hamsini. Nikaizungusha nikasoma upande wa pili. Hamsini.

"Mbona bibi yake hayumo?" kungwi wa harusi hii akauliza. Alikuwa amesimama nyuma yetu muda wote.

"Yupo pembeni," Salma akajibu.

"Pembeni ya nini? Huyu bibi amepanda basi na magoti yake hayo kwa ajili ya picha hii. Hatujui kama atauona tena mji. Asiyeweza kuwaweka hawa wawili pamoja, mie Jumamosi simfungulii mlango. Nileteeni picha ya kuonyesha Ijumaa jioni."

Nje, uani, wanaume walikuwa wakifunga turubai, kwa hiyo kumtoa bibi harusi na bibi yake huko hakukuwezekana.

Salma ndiye aliyenieleza njiani, taratibu, kama mtu anayempa mgonjwa habari. Kile kipande kinachopokea picha ndani ya kamera za kuanzia ni kidogo kuliko filamu, kwa hiyo kinakata kingo. Hamsini ikifungwa humo inaona kama lenzi ya themanini.

"Ulijua lini?"

"Nilisoma mtandaoni, Shangazi. Kabla hatujaenda."

"Na hukusema?"

"Uliniambia nisifungue mdomo."

Nililazimika kukaa kwenye benchi la fundi viatu. Umri wangu wote wa kazi, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba hamsini inaweza isiwe hamsini.

Kungwi alikuwa amependekeza nipige mie mwenyewe kwa kamera yangu ya filamu. Salma aliposikia aliinamisha kichwa. Nilikataa, na si kwa ajili yake tu. Chumba changu cha giza nilishakigeuza stoo, na wasafisha filamu ninaowajua mjini wote ni wanaume. Kwao atatandika mkeka nani?

Nikampigia muuzaji. Kijana ana adabu. Hakucheka mpaka alipodhani simu imekatika. "Kurudisha hakuna, mama, ila kubadilisha kupo. Ongeza laki moja na nusu. Na safari hii njooni na kamera."

Hiyo laki na nusu nitaitoa kwenye fedha niliyoweka ya bati. Kustaafu nilidhani ni kupumzika na kuulizwa maswali. Leo mwenye swali ni mie. Hesabu inasema thelathini na tano kwenye kamera ya Salma itaona karibu sawa na hamsini yangu ya zamani. Lakini vyumba nilivyopiga mie vilikuwa na kitanda cha kamba na sanduku la nguo. Hiki kina kitanda cha sita kwa sita, kabati la milango mitatu na friji, na pamebaki pa mkeka mmoja na mtu mwembamba. Muuzaji anayo ishirini na nne pia, kwa nyongeza hiyo hiyo, ila anasema ukimsogelea mtu nayo inamvimbisha pua, na bibi wa watu hakutoka Lindi kuja kuvimbishwa pua.

Nyie mnaopiga harusi za ndani kwa kamera hizi za kuanzia, nishaurini: thelathini na tano, au ishirini na nne? Duka linafunguliwa kesho Ijumaa saa tatu asubuhi. Salma amekaa hapa mbele yangu, kamera mapajani, anasubiri nimwambie.