Barua Iliyonipa Usupavaiza

Siku niliyovuliwa nguo bila mtu kunigusa nilikuwa nimekaa kwenye mkeka uani kwangu, hapa Nkuhungu, nimevaa dera jipya, na Mzee Ramadhani, mshenga wa upande wa kijana anayemchumbia binti yangu Rukia, amesimama na miwani yake anasoma kwa sauti ileile aliyosomea posa muda mfupi kabla, ila sasa alichokuwa anasoma ni barua yangu mimi, niliyompa mwenyewe kwa mkono huu. "Kwa uzembe wako umesababisha maji kufurika ghorofa ya pili." Akafika hapo akanitazama juu ya miwani kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta kuna mwenzake ndani. Wageni kutoka Mpwapwa wamesikia, ndugu zangu kutoka Kolo wamesikia, hata wapishi nyuma ya nyumba wamesikia. Siwezi kuificha aibu hii, mtaa mzima wanayo, basi bora muipate kwangu ikiwa nzima.

Mimi ni mfanya usafi. Shule niliishia darasa la nne (mbuzi wa baba walipata mchungaji, shule ikapungukiwa mtu), nikaja mjini na Rukia mgongoni, na miaka yote hii nimemlea kwa deki na ndoo, tena kwenye jengo lenye ghorofa nne la watu wanaopita juu ya maji yako bila kukusalimia.

Supavaiza wetu anaitwa Mashaka. Namtaja, na nitamtaja tena. Ni kijana anayeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho, na alikuwa na mambo yake ya kufuatilia kiwanja huko mjini, hakai kazini. Siku moja akanivalisha kizibao chake cha njano, kimeandikwa mgongoni SUPAVAIZA, akasema, "Mama Rukia, wewe ni mtu mzima, wenzako watakusikiliza. Kuanzia leo supavaiza ni wewe." Nikamuuliza barua iko wapi, akasema barua inakuja.

Nyumbani nikamuuliza Rukia neno lenyewe maana yake nini hasa, akaniambia ni msimamizi tu, mama. Lakini jamani, msimamizi hata wa kuchimba kaburi yupo. Supavaiza ni neno la ofisini, lina ufunguo. Kesho yake nikakivaa kizibao njia nzima ya kurudi, vijana wa bodaboda wakaanza kuniita supa, na mimi (sisemi uongo) nikawa napita kijiweni kwao hata siku ambazo njia yangu haikuwa ile. Kaka yangu Idi nilimpigia simu Kolo, na ukimwambia Idi jambo umeutangazia mlima mzima.

Ila nilianza kuona jinsi neno lile linavyotumika. Wakubwa wakija kukagua, Mashaka ananivua kizibao mlangoni anavaa yeye, narudi kwenye deki, na wakiondoka narudishiwa kikiwa na jasho lake. Karatasi za chooni zikiisha, supavaiza ni mimi. Ukija mchele wa sikukuu kwa ajili ya masupavaiza, anabeba yeye.

Sasa mnajua mgao wa maji wa hapa kwetu. Sisi wa usafi tuna mtindo wetu, maji yakikatika unaacha koki wazi na ndoo chini, yakirudi ndoo inalia, unakimbia kujaza mapipa. Mashaka ndiye aliyetufundisha. Ijumaa ile akatuamuru tuache koki hivyo hivyo, sote tushuke tukafagie maegesho, mgeni anakuja. Maji yakarudi tuko nje. Ndoo ililia peke yake. Tulipopanda, zulia la ghorofa ya pili linaelea, na bosi mkubwa kasimama na viatu mkononi anauliza, supavaiza hapa ni nani.

Mashaka akaninyooshea kidole. Ningeweza kusema ni huyu hapa. Lakini miezi minne nilikuwa sijaitwa hivyo mbele ya mkubwa hata mara moja, na mdomo ukatangulia. "Ni mimi." Uamuzi wenyewe ndio huo, maneno mawili.

Jumatatu nikapewa barua niisaini. Mashaka akasema ni ya kikazi, ya kumbukumbu tu. Nilijua ina habari ya maji, sikujua ina maneno ya namna ile, maana macho yangu yaliishia juu, pale chini ya jina langu palipoandikwa kwa herufi kubwa SUPAVAIZA. Nikaikunja, nikaiweka kwenye sanduku pamoja na kadi ya kliniki ya Rukia. Hata yeye sikumwonyesha, nilitaka aione siku yake; Idi tu nilimwambia kwenye simu kwamba barua ya usupavaiza imekuja.

Siku yake ikafika. Posa imesomwa, ikaja zamu ya utambulisho, na msemaji wetu ni Idi, kwani mjomba atakuwa nani. "Huyu ni dada yangu, mama wa binti, supavaiza wa jengo zima la ghorofa nne, ana watu hamsini chini yake." Tuko saba. Nikainamisha kichwa kama mnyenyekevu, sikusahihisha.

Upande wa kijana kulikuwa na shangazi yake, Saada, na huyo naye namtaja. Yuko mapokezi kwenye jengo letu. Sikuwa nimemtambua, kazini mimi natazama sakafu, nazijua zaidi ndala zake. Akasema, "Samahani jamani, supavaiza wa pale ni Mashaka. Mama huyu tunamjua, ndiye anayetupigia deki." Idi akamwambia kachanganya majengo. Shangazi akatoa simu, akampigia Mashaka, akaweka spika.

"Mama Rukia? Supavaiza tangu lini, dada Saada? Huyo ni wa ndoo."

Tena alicheka. Idi akanigeukia, akaniambia dada, kalete ile barua ya ofisini. Na mimi nikakimbia, nikaivuta sandukuni kama mtu anayeokoa mtoto motoni, nikampa Mzee Ramadhani kwa sababu ndiye mwenye miwani.

Mengine mnayajua. Baba wa kijana, mzee mpole kabisa, mfugaji, akasema, "Basi mama hakudanganya. Imeandikwa supavaiza." Alisema kwa wema, nauona mpaka leo wema wake, na hapo ndipo watu wakacheka, wa upande wake na wa upande wangu. Rukia, ambaye hakutakiwa kutoka chumbani mpaka aitwe, akatoka, akaichukua barua mkononi mwa mzee, akaikunja, akanishika mkono. "Twende ndani, mama."

Wageni walikula pilau, wakasema watakwenda kujadiliana walete jibu. Hii ni wiki ya tatu. Kijana anapiga simu, Rukia anakwenda kuongelea nyuma ya ukuta, akirudi simtazami machoni. Tunasikia shangazi anasema huko kwao kwamba ukoo wa binti ni wa kujikweza.

Kizibao nimekirudisha, na nilikifua kwanza. Sitavaa tena neno ambalo mtu anaweza kunivua mlangoni. Ila siyamezi haya peke yangu. Mashaka, Jumapili nitatandika mkeka uleule. Njoo. Saada aje, mzee wa Mpwapwa aje, Mzee Ramadhani asisahau miwani. Uwaambie kwa mdomo wako, siku ya maji supavaiza alikuwa nani. Kama ni mimi, mwambie dada Saada kwamba kwenye simu ulimdanganya. Kama ni wewe, barua yako ipo hapa, uje uichukue.