Boma la Ndama Ufukweni

Sisi watu wa ng'ombe wa upande wa Garissa hatukuwa na haja na bahari. Maji yasiyonyweka ni maji gani? Lakini mwaka ule wa ukame, baada ya vita vya Waitaliano, hata visima vya Ijara vilikauka, tukashusha ng'ombe kupitia msitu wa Boni hadi kwenye visima vya Wabajuni, karibu na pwani. Nilikuwa mke mpya, mkali wa ulimi, na kuhusu wanyama wanaozaa nilijiona sina wa kunifundisha.

Jirani yetu pale kisimani alikuwa mjane wa Kibajuni. Nilimwita eddo, kama tunavyomwita shangazi kwetu. Alfajiri moja alinivuta mkono mpaka ufukweni. Mchangani palikuwa na kasa mkubwa kama ng'ombe aliyelala. Hakuwa na gamba gumu kama kasa wengine. Mgongo wake ulikuwa ngozi nyeusi yenye madoadoa meupe na matuta marefu yaliyoteremka hadi mkiani. Wenyewe walimwita noa, na eddo hakuwa amemwona tangu usichana wake. Alikuwa anataga shimoni, na machozi mazito yalimtiririka.

"Eddo, hii nalia," nilisema kwa Kiswahili changu cha sokoni.

"Halii, mwanangu. Anatoa chumvi. Maisha yake yote anakunywa maji ya bahari, itatokea wapi?"

Sikumwamini. Noa alifukia mayai, akajikokota majini, akaondoka.

Mayai yalipokaribia kuanguliwa, eddo alipata msiba visiwani. Kabla ya kuondoka alinishika bega. "Yale mayai nakuachia amana. Nilindie, nguchiro na mbweha wasiyafukue."

Amana si neno dogo. Siku hiyo hiyo nilikata miiba. Kwetu boma la ndama ni kazi ya mwanamke, na langu lilikuwa likisifiwa. Nililizungushia lile shimo matawi ya mgunga, nikayashindilia mpaka yakashikana. Mume wangu alikuja kutazama, akacheka mpaka akashika mbavu. Alisema nimemjengea mnyama asiye na maziwa boma zuri kuliko la ng'ombe wake. Nilimjibu kwamba ng'ombe wake wangeongea, nao wangelalamika juu yake.

Asubuhi moja, baada ya kukamua, nilikuta mchanga unatikisika. Vitoto vyeusi vyenye mistari myeupe mgongoni vilikuwa vinachomoza, vinapandiana, vyote vikielekea baharini na kugonga miiba. Nilifurahi, sikufichi. Nilipiga kigelegele peke yangu.

Sasa, kwetu ndama hubaki bomani mchana kutwa wakati mama yake yuko malishoni. Jioni mama akirudi hufunguliwa, akanyonya. Anayetoroka kabla huliwa na fisi. Basi vile vilivyopenya chini ya matawi nilivishika, nikavirudisha ndani na kuziba tundu. Niliviambia kwa Kisomali vitulie, mama yao atarudi. Nilivinyunyizia hata maji matamu ya kisima, maji tuliyoyagombania na ng'ombe. Kisha nikaenda kunywesha mifugo, moyo mweupe kabisa.

Niliporudi jua lilikuwa utosini. Bomani palikuwa kimya. Vilikuwa vimelundikana upande wa bahari, shingo zimeingia kwenye miiba, na mchanga ule ulikuwa hata mimi unaniunguza nyayo.

Eddo ndiyo kwanza alikuwa anafika kutoka msibani, mtandio ungali kichwani. Aliangalia boma, kisha akaniangalia.

"Mimi nafunga wao fizuri, eddo," nilisema. "Nangoja mama yao."

"Mama yao harudi, mwanangu. Hata akikutana nao hatawajua. Wakitoka tu, wanakimbilia majini. Hiyo ndiyo salama yao."

Majuto ni mjukuu, watu husema, lakini yangu hayakungoja hata jioni. Nilirarua matawi kwa mikono mitupu. Chini ya tawi moja lenye kivuli vilikuwako vichache vinavyopumua bado. Nilivizoa kwenye nguo yangu, nikakimbia navyo mpaka maji yakanifika kiunoni, nikaviachia. Viliogelea. Nilirudi nikilia na kumshukuru Mungu kwamba angalau hivyo nimeviokoa.

Eddo alikuwa ameketi kando ya boma. Hakuninyanyulia sauti, angenitukana ningeshukuru.

"Ungewaweka mchangani wakatembea wenyewe," alisema. "Kasa huujua mchanga aliotembea siku ya kwanza, na jike akikua hurudi kutaga hapo hapo. Wazee wetu wanasema hivyo. Hao uliowabeba, sijui watarudi wapi."

Nilikuwa bado nimeishika ile nguo iliyolowa, nikaendelea kuishika.