Mayai ya Ndimu Mbele ya Kamati

Mjukuu wangu anafanya kazi ya kusifu vitu. Yeye huiita maketing. Sabuni ikitengenezwa, yeye ndiye anakaa chini anafikiria watu waambiwe nini ndio waipende. Nilimuuliza, "Kwani sabuni haiwezi kujisemea?" Akacheka, akaniambia, "Shosho, ikijisemea mimi nitakula nini?"

Sasa akapata kazi Parklands, ofisi nzuri, kiti inazunguka. Mkubwa wake akamwambia, kazi ni yako, lakini kwanza uingie kwa chama ya watu wa maketing. Wakikukataa, tafuta kwingine. Na hiyo chama si kama yetu ya akina mama hapa Kabiria, ati ukileta sufuria yako na usikuwe na mdomo mwingi umeingia. Hao wanakuchunguza. Wanataka kujua kama wewe ni mtu wa ukweli ama ni mtu wa kudanganya wateja.

Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Watu wa matangazo! Wale waliniambia mafuta ya uso itanirudisha msichana! Nimepaka, nimemaliza chupa tatu, na bado watoto kwa barabara wananiita shosho. Nikamwambia, "Hiyo ni fisi wamekaa intavyuu ya kuchunga mbuzi."

Akasema, "Ndiyo maana wanachunguza, shosho. Fisi wamekuwa wengi."

Akaja na fomu nyumbani siku ya Jumamosi. Mimi naambua viazi, yeye anasoma maswali kwa sauti, anaandika. Umewahi kufungwa? Hapana. Umewahi kufukuzwa kazi kwa sababu ya wizi? Hapana. Nikawa naitikia "hapana" pamoja na yeye kama tuko kwa maombi. Halafu akasoma: umewahi kushiriki kumwambia mteja kitu si ya kweli?

Nikasema, "Hapana."

Kalamu ikasimama. Akaniangalia na yale macho ya marehemu mama yake.

"Shosho, na yale mayai?"

Ngai wangu! Wacha niwaambie hayo mayai.

Huyu msichana nilimlea mimi. Akiwa na miaka tisa, nilikuwa nauza mayai pale Dagoretti Corner, meza ndogo na mwavuli. Sasa mnajua watu wa Nairobi na mayai ya kienyeji. Ile ya gredi, ya kuku ya kufungiwa, ni ya rangi ya hudhurungi, hawataki, ati haina nguvu. Wanataka ile nyeupe nyeupe, ya kuku imetembea, imekula mchwa, imefukuzwa na mbwa. Na mimi hiyo kuku ya kutembea nitaitoa wapi? Nilikuwa nanunua trei za gredi kwa mtu ako na kuku za kufungiwa. Halafu nyumbani naloweka kwa maji ya ndimu, nasugua na gunia pole pole mpaka rangi inatoka. Yai inakuwa nyeupe kama ya kwa bibi yako kijijini. Nikimaliza, mjukuu wangu anachukua matope kidogo, anapaka. Na unyoya. Lazima unyoya moja ishikane hapo kwa matope, ndio mtu aamini hiyo yai imetoka kwa kuku ana kwao.

Aki alikuwa anajua kubandika unyoya! Mimi nilikuwa nabandika kama stempu. Yeye anaiweka kombo kidogo, kama ilijiangukia tu.

Siku moja mama mmoja wa maflati akarudi na hasira. "Mama mayai, mbona nimepasua na kiini imepauka hivi? Kienyeji kiini ni kama chungwa."

Nikamwambia, "Mami, hiyo kuku ilikuwa na mawazo."

Akanunua zingine sita. Haki ya Mungu.

Sasa hiyo ndiyo mtoto anataka kuandikia watu wa town. Nikaweka kisu chini. "Wewe, umewahi kuona mtu anajishtaki na hajashikwa?"

"Wameuliza, shosho."

"Wameuliza juu yako! Mayai zilikuwa zangu!"

"Na unyoya ulikuwa wa nani?"

Akaandika. Nusu ya karatasi, polepole, na ndimu na gunia na kila kitu. Swali ya mwisho ilikuwa inauliza hiyo maneno iliisha namna gani. Hapo akashika kalamu, akafikiria, akapita bila kuandika. Nikadhani mkono umechoka.

Baada ya wiki mbili wakamwita. Aje mbele ya kamati ya maadili, na aje na yule mtu walikuwa wanauza na yeye. Yaani mimi. Mimi niliona mlango ya shule tu na kutoka, sasa naitwa na kamati! Msichana alikuwa hali chakula. Alinunua nguo ya ile kazi, nguo bado iko na karatasi ya duka. Akaniambia, "Shosho, wakinikataa Parklands imeisha. Tafadhali, ukiulizwa jibu tu hiyo umeulizwa. Usianze hadithi."

Nikamwambia, "Mimi? Hadithi?"

Lakini kwetu, ukienda kwa watu kuzungumza juu ya msichana wako, hauendi mikono mitupu. Iwe ni wakwe, iwe ni wazee wa kanisa, unabeba kitu. Mtu anakupokea, anaona huyu ana heshima, ndio maneno yanaanza. Kwa hivyo asubuhi nikanunua jogoo mmoja wa jirani, nikamfunga miguu vizuri, nikamweka ndani ya kiondo na kufunika na shuka. Tena jogoo wa kienyeji kamili! Nilichagua huyo makusudi, wasije wakasema hata huyu nimempaka ndimu.

Mjukuu akauliza, "Kwa kiondo kuna nini?"

"Sweta. Town kuna baridi."

Tukafika kwa hiyo gorofa. Askari wa mlango akanipitisha na kale kadude ka kulia kakiona chuma. Jogoo akanyamaza kama ameelewa. Tukapanda lifti, tukaingia kwa chumba cha meza ndefu. Walikuwa watatu. Mwenyekiti, mama wa miwani, mtu wa kutabasamu na midomo tu. Mzee mmoja mwembamba, alikuwa anaandika hata kabla mtu aongee. Na kijana wa tai, laptopu mbele yake, huyo ndiye alikuwa anajua sheria zote.

Mama mwenyekiti akasema, "Karibuni. Haya mazungumzo ni ya siri na ni ya ukweli."

Jogoo akasema, "Kok."

Mzee akainua kichwa. "Hiyo ni simu ya nani?"

Msichana wangu akaangalia simu yake. Kijana wa tai akaangalia yake. Jogoo akasema tena, na sasa akapiga mabawa, shuka ikaanguka, kichwa ikatoka na kile kilemba chekundu, akawaangalia wote mmoja mmoja kama yeye ndiye mwenyekiti.

"Shosho!" mjukuu akasema. "Ulisema ni sweta!"

Nikasimama, kwa sababu hapo ni kusimama tu. Nikasema, "Wazee wangu, tumekuja kwenu, hatungekuja hivi hivi. Hii ni supu yenu."

Kijana wa tai akageuza laptopu, akasoma, akasafisha koo. "Mwenyekiti, sheria inasema mtu anayeomba kuingia akitoa zawadi kwa kamati, hiyo inahesabiwa kama hongo. Maombi yake yanasimamishwa."

"Hongo ya nani?" nikamuuliza. "Kijana, wewe ni wa kwa nani? Mama yako akienda kuona wakwe anabeba nini, kalenda?"

"Shosho, keti," mjukuu akanivuta nguo. Nikamwangalia. Hapo ndio nikaona nimefanya nini. Hiyo kazi, hiyo nguo na karatasi yake, mimi ndiye nimekuja kuimwaga na jogoo.

Nikasema pole pole, "Huyu mtoto hakujua. Nilimdanganya ni sweta, mmesikia wenyewe. Hongo kama iko ni yangu, na mimi sitaki kuingia kwa chama yenu. Mimi niko na yangu."

Mzee mwembamba akashika mdomo. Mabega yalikuwa yanaruka. Mama mwenyekiti akavua miwani, akapanguza, akasema jogoo aandikwe kwa kitabu ya zawadi zilizokataliwa, halafu tuendelee. Kijana akauliza aandike namna gani. Mzee akamwambia, "Andika jogoo, mmoja, hai." Wakaita askari akamweka nje kwa korido.

Sasa wakafungua fomu. Kijana akaanza na mjukuu wangu. "Hapa umesema mlibadilisha mayai rangi. Ulikuwa unajua ni uongo?"

Mimi nikaruka, "Alikuwa mtoto! Hakujua!"

"Nilijua," msichana akasema.

Nilitaka kumfinya.

"Na iliisha namna gani? Hapa umeacha wazi."

Akainamisha kichwa. "Iliisha tu."

"Nani aliamua iishe?"

Akaangalia vidole vyake. Kijana akauliza mara ya pili. Bado anaangalia vidole tu, na kijana akaanza kuandika kitu kwa laptopu, na ile kuandika haikuwa ya kupitisha mtu.

Nikajua basi kwa nini aliacha wazi.

Wacha niseme. Kanisani kwetu mimi natoa ushuhuda. Ni ushuhuda mzuri, akina mama wanaupenda, wengine huniambia nirudie. Nasema vile nilikuwa mwenye dhambi wa mayai, na vile asubuhi moja nikiwa na ndimu mkononi Bwana alinigusa, nikaangusha ndimu, nikalia, nikaacha. Watu wanasema amina. Na huyu mtoto amekaa kwa hiyo benchi miaka yote anasikia, na hajawahi kufungua mdomo.

Kwa sababu Bwana hakunigusa. Ni huyu mtoto alinigusa.

Nikasema, "Kijana, wacha kuandika. Hiyo nafasi wazi si kuficha. Ni heshima. Anaogopa kuniaibisha, sasa wacha nijiaibishe." Na nikawaambia vile ilikuwa. Alikuwa amefika miaka kumi. Akaja mama mmoja kwa meza, anatafuta mayai ya kienyeji ya mzee wake ametoka hospitali. Mimi tayari nimeshika mfuko. Mtoto akasimama mbele ya meza akasema, "Usinunue hizo. Nunua zile za trei. Ni zile zile, sisi huwa tunazipaka ndimu."

"Ulifanya nini?" mama mwenyekiti akaniuliza.

"Nilimvuta masikio mpaka akasimama kwa vidole."

"Halafu?"

"Halafu akagoma. Unyoya hashiki, matope hashiki. Kesho yake akachukua kartoni akaandika na makaa, akasimamisha kwa meza yangu: MAYAI YA GREDI. KUKU HAIKUTEMBEA."

Mzee mwembamba akaacha kalamu ikaanguka. Alicheka mpaka akatoa kitambaa.

Kijana wa tai yeye hakucheka. Akaniuliza, "Na iliuza?"

"Iliuza wapi! Watu wote walihamia kwa mama mwingine hapo mbele, yeye bado alikuwa na ndimu zake. Tulikula mayai sisi wenyewe mpaka tukachoka kuangaliana. Mwishowe nikaanza kuuza sukuma wiki, hiyo haina mambo ya kupaka."

"Kama haikuuza," kijana akasema, "mbona hamkutoa hiyo kartoni?"

"Nilitoa. Akarudisha. Nikatoa, akarudisha. Nilimwambia, 'Tutalala njaa na hiyo maandishi yako!' Akaniambia, 'Basi tutalala.' Mtoto wa miaka kumi! Ilikaa hapo mpaka mvua ikaimaliza."

Kijana akamwangalia mjukuu wangu muda mrefu. Msichana alikuwa analia, lakini ya chini chini, hakutaka kuharibu rangi amepaka kwa macho.

"Ni kweli?" kijana akamuuliza.

"Ni kweli," akasema. "Lakini masikio hakuvuta sana."

"Nilivuta," nikasema. "Usianze tena."

Wakatuambia tungoje nje. Kwa korido askari alikuwa amesimama mbali na jogoo, amempa nafasi kama mtu wa polisi. Mimi nilikuwa nafikiria tu akina mama wa kanisa na nyuso zao. Baadaye nikamuuliza msichana, "Kwa nini hukuwahi kuniambia unajua nadanganya pale mbele kanisani?"

"Ulikuwa unaisema vizuri," akasema. "Nikikusikia hata mimi nilikuwa karibu niamini."

Hiyo iliniuma, na tena ikanifurahisha, sijui nieleze vipi.

Mlango ukafunguka. Ni yule kijana wa tai walituma. Akanyoosha mkono kwa msichana wangu, akamwambia, "Karibu kwa chama." Hivyo tu. Halafu akanigeukia. "Na wewe mama, tafadhali, ukirudi hapa uje tu mikono mitupu."

Wee! Nilipiga vigelegele. Vile vya kwetu, vya mtoto akizaliwa, vinatoka chini tumboni. Milango ikafunguka korido nzima, watu wakatoa vichwa, mwingine na kikombe ya chai. Mjukuu ananifunika mdomo, mimi naendelea kupitia kwa vidole. Askari akaja mbio.

"Mama, nini? Nani ameumia?"

"Hakuna ameumia. Mjukuu wangu wamemchunguza, wakakuta anasema ukweli!"

Askari akaniangalia, akamwangalia yeye. "Na hiyo ndiyo ya kupigia kelele?"

"Wewe unafanya kazi hapa town," nikamwambia. "Umeiona mara ngapi?"

Akafikiria. Akasema, "Piga basi. Lakini kidogo."