Siku Nilipofuta D ya Mwalimu Ntandu

Aibu hii nimeificha hata kwa mke wangu, ila leo mmenibana, basi sikilizeni. Miaka ile kompyuta ndiyo zinaanza kuingia Singida mjini, nami nilikuwa nayo moja kwenye duka la kuchapa barua, najiita fundi (nani wa kunibishia?), akaja Mwalimu Ntandu wa Mandewa, mstaafu aliyenifundisha darasa la tatu, kabeba diski ya kompyuta kaifunga kwenye kitenge kama kitoto. Ndani mlikuwa na nyimbo za Kinyaturu, za kutwangia na za kubembelezea watoto, miaka miwili anazikusanya kwa mabibi vijijini na kuziandika kwenye kompyuta ya parokia, kompyuta ikafa, ikabaki diski tu. Alikuja na wazee watatu washuhudie kitabu kikichapwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Utaweza?"

"Hii kazi ndogo, mwalimu."

Nikaichomeka pamoja na diski yangu, nikawasha. Yangu nilikuwa nimeigawa sehemu mbili, C ya kazi, D ya magemu na takataka, nikaona niifute D kwanza nipate pa kunakilia nyimbo, na bila hata kuifungua nikaifomati, kioo nimewageuzia wazee (sifa hizo). Namba zikapanda, kumi, hamsini, tisini, mzee mmoja akasema, "Zinaingia hizo." Ilipofika mia wakapiga makofi, nami nikainama kidogo kuyapokea.

Kumbe kompyuta za siku zile zikiwashwa zinagawa herufi upya: ikikuta diski ya pili, hiyo ndiyo inapewa D, na D yangu ilikuwa imesukumwa kuwa E. Nilifungua E nikakuta magemu yangu salama salimini.

"Mwalimu, nimezifuta."

"Zote?"

Nikaitikia kwa kichwa, nikalia mbele ya wateja, mtu mzima mimi. Akanipa kile kitenge nijifute.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Tutaenda wote, tuanze upya," na kila Jumapili tukawafuata mabibi walewale, yeye anauliza, mimi naandika kwa mkono. Zilirudi zote isipokuwa wimbo mmoja, maana bibi aliyeujua alikuwa ameshazikwa. Mwalimu alikataa kuuruka. Kitabuni una ukurasa wake, juu jina la wimbo na jina la bibi, chini peupe, na niliyeuchapa ni mimi. Tangu siku ile sifuti kitu kabla sijakifungua nikakisoma.