Mpangaji Aliyenipandia Migomba

Ukisikia habari hii utanicheka, na huna kosa, maana humu ndani mjinga ni mmoja tu, na ndiye anayekusimulia.

Baba alipofariki aliniachia nyumba ya bati pale Nyabiyonza, na nyuma yake kibanja kidogo cha migomba iliyokwisha zeeka. Mama ana kwake, na mimi nilikuwa Kihanga nabeba magunia ya kahawa, kwa hiyo nikampangisha fundi cherehani, mtu mzima mwenye mke na watoto. Hatukuwahi kugombana. Halafu nikapata mchumba, na baba yake hakuwa na maneno mengi: "Binti yangu haji kulala jikoni kwa mama yako. Nyumba unayo. Ingia kwanza wewe, ndipo uje umchukue."

Basi msimu wa kahawa nikamchukua balozi wa nyumba kumi awe shahidi, tukaenda kwa fundi. "Shikamoo mzee. Krismasi ule hapa hapa, ila ikipita uniachie nyumba, naoa." Akasema marahaba, hongera sana, nimesikia. Balozi akasikia kwamba amesikia. Nikajua nimemaliza.

Mvua zilipoanza nikaleta miche ya migomba kutoka kwa mama, mke wangu akute kibanja kipya. Fundi akanipokea uani. "Kijana wangu, utachafuka bure. Lete jembe."

Nikampa! Nikakaa kwenye kigoda, naonyesha kwa kidole, shimo hapa, shimo pale, yeye na mkewe wanachimba na kutia samadi. Jioni kilabuni nikajigamba: "Nyie mnafukuza watu kwa fimbo. Mimi wangu namfukuza, na kabla hajatoka ananilimia!" Walicheka mpaka pombe ikamwagika.

Sasa, huku kwetu hata mtoto anajua: mpangaji alime maharage, alime karanga, akishavuna aende zake. Mgomba hapana. Mtu akishaupanda kwa mkono wake, ana neno pale. Nilijua vizuri. Ila nilijidanganya kwamba miche ni ya mama yangu, mkono si kitu.

Krismasi ikapita, cherehani bado inalia barazani. Nikaenda.

"Mzee, mbona hamjafunga mizigo?"

"Tufunge twende wapi? Migomba yangu nimwachie nani?"

"Yako?"

"Kamuulize balozi."

Balozi akatukalisha na wazee. Swali lake lilikuwa moja: "Mashimo alichimba nani?"

"Yeye, lakini..."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Mzee mmoja akanisaidia: "Kwenye kigoda, mwenye mali." Watu wote wakaangua kicheko, wananicheka mimi, ambaye kilabuni kuchekesha ndiyo kazi yangu.

"Wakati wa kahawa ulimwambia atoke," balozi akasema, "wakati wa mvua ukampa kibanja. Tushike lipi?"

Nikasema nyumba ni ya baba yangu. Wakasema hakuna anayebisha. Ila fundi atakaa mpaka migomba izae, ale mikungu ya kwanza, ndipo atoke. Na mgomba hauna haraka na harusi ya mtu.

Nikaenda kwa baba mkwe kumwomba anivumilie. Akanipa maji ya kunywa, akasema hawezi kumweka binti nyumbani anasubiri ndizi za mpangaji. Mbuzi wangu wa mahari wakarudi kwetu kwa miguu yao. Nyumba ni yangu, nikipita nabisha hodi kama mgeni. Inaniuma, sifichi.

Yule binti nilikutana naye baadaye kisimani, ameshachumbiwa na mwingine. Nikaanza kumlaumu baba yake. Akatua ndoo chini.

"Baba umwache. Mimi ningekusubiri. Ila kaka yangu alikuwepo kilabuni siku ile. Mtu na mke wake wanakulimia kwenye mvua, wewe unawacheka. Nikajiuliza, mimi nikishakupikia, utaenda kusimulia nini kilabuni?"